Stenlesi inapasuka bila kutu: dalili, vyanzo, na mahali dawa ya kuzuia kutu inapofika mwisho

Malalamiko huja kwa sura mbili. Ya kwanza: "Tangi ni la stenlesi, linang'aa, halina kutu, lakini linavuja." Ya pili: "Tumetia dawa ya kuzuia kutu kama tulivyoelekezwa, na bomba limepasuka tena palepale." Mwongozo huu unapitia dalili zinazojirudia kwenye matangi ya maji moto, mabomba ya stimu, vibadilisha joto na vyombo vya viwanda vya vyakula, hasa huku pwani na popote maji ya kisima yana chumvi. Nenda moja kwa moja kwenye dalili yako, ila soma kwanza sehemu hii fupi, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinaitegemea.

Ili stenlesi ipasuke kwa namna tunayoizungumzia, mambo matatu yakutane mahali pamoja: chuma cha aina inayokubali kupasuka, mkazo unaokivuta, na kemikali inayokichokoza. Kwa aina za stenlesi ziitwazo 304 na 316, ambazo ndizo zimejaa mitaani na viwandani, kemikali hiyo mara nyingi ni kloraidi, yaani sehemu ya chumvi, ikisaidiwa na joto. Mkazo haulazimiki kutoka kwenye presha. Bati lililokunjwa, mshono uliopoa ukajivuta, bolti iliyobanwa kupita kiasi: vyote huacha mkazo ndani ya chuma ambao hauondoki hata tangi likiwa tupu. Nikeli ya karibu asilimia 8, kiasi kilichomo kwenye 304, ndiyo inayokiweka chuma mahali pabaya zaidi kwa nyufa za kloraidi. 316 ina nikeli zaidi kidogo pamoja na metali ya molibdeni, kwa hiyo huchelewa kupasuka. Huchelewa tu.

Kiwango cha joto ambacho mafundi wengi hukiangalia ni nyuzi 60 za Selsiasi. Chini ya hapo nyufa za kloraidi ni nadra, isipokuwa mahali pamoja kwenye hatari kubwa ambapo nimepatengea sehemu yake.

Kabla ya kugusa chochote, kusanya vitu hivi: sumaku, vipande vya kupimia kloraidi kwenye maji, kipimajoto cha kushika kwenye bomba, seti ya rangi ya kupenya ya kupimia nyufa (chagua ile iliyoandikwa kuwa ina klorini kidogo), na daftari la matengenezo. Daftari ndilo husahaulika, na ndilo mara nyingi hutoa jibu: nani alisafisha, lini, na kwa kitu gani.

Dalili: tangi la maji moto linatoa jasho karibu na mshono

Unafuta, baada ya saa chache kuna unyevu tena. Hakuna tundu la kuonekana. Pengine kuna mstari mweupe wa chumvi iliyokauka, au doa la kahawia jembamba kama uzi.

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni kloraidi ya maji yenyewe kukutana na joto pembeni mwa mshono. Pima kloraidi. Kama huna vipande vya kupimia, ulimi utakuonya: watu wengi huanza kuonja chumvi kloraidi ikizidi takriban miligramu 250 kwa lita. Kanuni inayotumika sana kwa maji ya kawaida yasiyo moto ni kwamba 304 ifanye kazi hadi miligramu 200 kwa lita, na 316 hadi 1,000. Zingatia maneno "yasiyo moto". Maji yakiwa nyuzi 65 au 70, usizichukue namba hizo kuwa ruhusa. Maji ya bahari yana kama miligramu 19,000, kwa hiyo kisima cha pwani kilichoanza kuvuta maji ya bahari hakihitaji kuvuta mengi ili kukuharibia tangi. Pima mwisho wa kiangazi, wakati maji ya kisima yameshuka, wala usitegemee kipimo cha masika peke yake.

Chanzo cha pili ni mashapo. Chokaa ikijikusanya juu ya koili ya hita au chini ya tangi, maji hupenya ndani yake, huchemka, hutoka kama mvuke na kuacha chumvi nyuma. Maji ya tangi yanaweza kusoma miligramu 100 huku chini ya gamba la chokaa ikiwa mara nyingi zaidi ya hapo. Ndiyo maana ripoti nzuri ya maabara ya maji haitoshi kuitoa kloraidi kwenye orodha ya washukiwa. Mahali pengine pa namna hiyo ni mstari wa usawa wa maji, pale ukuta unapoloa na kukauka, na chini ya gasketi.

Chanzo cha tatu ni aina ya chuma. Sokoni kuna 201, yenye manganizi nyingi na nikeli kidogo, inayouzwa kwa jina la jumla la stenlesi. Sumaku haitakutenganishia 201 na 304, zote mbili huishika kidogo sana au haziishiki kabisa. Kifaa cha kupimia kwa miali ya X kitakwambia mara moja kama kuna manganizi nyingi na kama molibdeni ipo, lakini hakipimi kaboni, kwa hiyo hakiwezi kukuhakikishia kwamba 304 uliyouziwa ni 304L.

Hapo ndipo kinapoingia chanzo cha nne: chuma chenye kaboni nyingi kilichokaa kati ya nyuzi 425 na 850 wakati wa kuchomelea. Kromi, metali inayoipa stenlesi kinga yake, hujifunga na kaboni kwenye mipaka ya chembe za chuma, mipaka hiyo inabaki bila kinga, na ufa unapita humo. Mabati mazito na mishono iliyorudiwarudiwa ndiyo huumia zaidi. Aina zenye herufi L zina kaboni isiyozidi asilimia 0.03, na hilo hulipunguza tatizo kwa kiasi kikubwa.

Sasa hakikisha kama ni ufa au ni tundu. Toa presha, kausha, ondoa rangi na chokaa kwa brashi ya stenlesi (kamwe si ya chuma cha kawaida), kisha futa mafuta kwa kiyeyushi kisicho na klorini. Nyunyiza rangi nyekundu, subiri dakika 10 hadi 20, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo; ukinyunyiza kiyeyushi moja kwa moja utaiosha hata ile iliyoingia ndani ya ufa. Nyunyiza unga mweupe mwembamba, halafu usiondoke. Dakika za kwanza ndizo zenye habari. Nukta nyekundu moja inayotanuka taratibu ni shimo la kutu. Mistari inayochomoza ikagawanyika, ikagawanyika tena kama mizizi, ikikaa sambamba au kukatiza mshono, ndiyo nyufa za kloraidi. Ziwekee alama mwisho wake na upige picha kabla rangi haijasambaa.

Ikiwa ni mashimo tu, tangi linaweza kuzibwa na fundi mzuri. Ikiwa ni mizizi, nenda sehemu ya ukarabati hapo chini, na usikubali mtu "apitishe mshono mmoja juu yake".

Watu wengi hutaka kushusha joto la tangi. Kwa hoteli, hospitali na mabweni, usifanye hivyo kiholela: maji ya kuhifadhi hushikiliwa nyuzi 60 na kuendelea ili bakteria wa Legionella wasizaliane, na ugonjwa wao wa mapafu huua. Ukibanwa kati ya chumvi na joto, jibu ni kubadili chuma. Stenlesi ya aina ya dupleksi 2205 hustahimili vizuri zaidi, na aina ya 444, isiyo na nikeli ya kuhesabika, hutengenezewa matangi ya maji moto kwa sababu hiyohiyo.

Dalili: bomba limepasuka, ndani ni safi, ufa umeanzia nje

Hili linatokea chini ya insulesheni, yaani vazi la bomba la kuhifadhi joto. Maji ya mvua au ya kuoshea sakafu yanaingia kwenye kiungo cha bati la nje kilichoachia, yanaloweka insulesheni, yanakutana na bomba la moto, yanakauka. Kesho tena. Kila mzunguko unaacha chumvi. Mabomba yenye joto kati ya nyuzi 60 na 175 ndiyo yenye hatari kubwa, kwa kuwa hapo maji hukaa muda wa kutosha na joto lipo la kutosha. Bomba la moto kupita hapo kwa kawaida hujikausha, ila likizimwa na kuwashwa mara kwa mara hupita eneo hilo kila siku.

Chumvi inatoka wapi? Pwani, upepo wenyewe unaileta, kusi na kaskazi vilevile. Pia hutoka kwenye insulesheni isiyo ya daraja la stenlesi, kwenye mkanda wa PVC, kwenye gundi, na kwenye kalamu za kuandikia mabomba.

Angalia kwanza sehemu rahisi: viungo vya bati la nje vinavyotazama juu, mahali pa kuning'inizia bomba, chini ya vali, na sehemu ya chini kabisa ya bomba lililolala, ambako maji hukusanyika. Ukibonyeza bati na kusikia insulesheni iliyolowa, fungua hapo.

Kuna dawa ya kuzuia inayofanya kazi kweli hapa, na ni vizuri ieleweke. Insulesheni iliyotengenezwa kwa ajili ya stenlesi huwekewa sodiamu silikati ndani yake. Kiwango cha ASTM C795 hupima uwiano kati ya sodiamu na silikati upande mmoja, na kloraidi na floraidi upande mwingine. Maji kidogo yakiingia, silikati hufika kwenye chuma pamoja na kloraidi na kuikinga. Lakini silikati hiyo huyeyuka. Insulesheni iliyolowa misimu kadhaa imeshaoshwa, na kloraidi mpya inaendelea kuja na upepo. Kwa hiyo usirudishe insulesheni ya zamani iliyolowa hata kama ilikuwa ya bei kubwa. Kufunga bomba kwa karatasi ya alumini kabla ya insulesheni kunasaidia kwa njia mbili: huzuia maji yasiguse bomba, na alumini hujitoa kuliwa badala ya stenlesi.

Dalili: nyufa zimeonekana wiki chache baada ya kusafisha kwa asidi

Hapa nina msimamo mkali, kwa sababu hasara yake huepukika kabisa. Fundi anachukua asidi ya haidrokloriki, ileile ya kusafishia vigae na vyoo, iliyotiwa inhibita (kemikali ya kuzuia chuma kuliwa), na anaambiwa na muuzaji kwamba "haili chuma". Kwa chuma cha kawaida, maneno hayo yana ukweli: inhibita hukaa juu ya uso wa chuma na kupunguza kuliwa huku chokaa ikiyeyuka. Kwa stenlesi, tatizo si kuliwa kwa uso mzima. Tatizo ni kloraidi, na asidi hiyo ni kloraidi tupu. Inhibita haiiondoi. Kloraidi inaingia kwenye mianya, chini ya gasketi, nyuma ya mirija ya kibadilisha joto pale ilipobanwa kwenye bamba linaloishikilia, na suuza moja haiitoi. Mfumo unawashwa, joto linapanda, kazi inaanza.

Vyanzo vingine vya dalili hii, kwa kadiri vinavyotokea: jiki iliyoachwa kwenye tangi la maziwa au pipa la kuchachulia usiku kucha, au ikamwagwa kwenye maji moto; kisha kuchanganya jiki na asidi, jambo ambalo pamoja na kuua chuma hutoa gesi ya klorini inayoua watu; na mwisho kusuuza kwa maji ya kisima yenye chumvi kisha kuacha yakauke yenyewe.

Ukaguzi: soma lebo ya dawa iliyotumika. Ukikuta neno haidrokloriki, muriati, kloraidi au haipokloriti, umeshapata mshukiwa mkuu. Ikiwa kosa limefanyika leo na mfumo haujawashwa, bado kuna nafasi. Fungua sehemu zote za chini zitoe maji, suuza kwa maji yenye kloraidi kidogo mara kadhaa, pima kloraidi ya maji yanayoingia na yanayotoka mpaka zilingane, fungua gasketi usafishe chini yake, kausha kwa hewa. Usiwashe joto kabla ya hapo.

Kwa kuondoa chokaa kwenye stenlesi tumia asidi ya sitriki, ya fosforiki, ya naitriki au ya sulfamiki, kwa kiasi na joto lililoandikwa na mtengenezaji. Na ukipima presha kwa maji, viwango vingi vya kazi huweka kikomo cha kloraidi cha miligramu 50 kwa lita kwa stenlesi. Toa maji hayo na ukaushe mara baada ya kipimo.

Dalili: dawa imetiwa, nyufa zinaendelea

Swali la kwanza: ni dawa ya kuzuia nini? Ndoo nyingi zilizoandikwa "dawa ya boila" au "kizuia kutu" zimetengenezwa kwa ajili ya chuma cha kawaida na shaba. Hazikuahidi chochote kuhusu nyufa za stenlesi.

Zipo kemikali ambazo zimethibitika kuchelewesha nyufa za kloraidi. Naitreti ndiyo iliyochunguzwa zaidi: ikiwa kwa wingi wa kutosha ukilinganisha na kloraidi, hushindania nafasi kwenye uso wa chuma na kusukuma mbali hali ambayo ufa huanza. Fosfeti, silikati na molibdeti zina nguvu kwa viwango tofauti. Kuondoa oksijeni kwenye maji ya boila, kwa kuyapasha moto kwenye kitoa hewa na kumalizia na sulfaiti, husaidia sana, kwani kwenye maji ya joto kali kloraidi na oksijeni zikiwa pamoja ni hatari kuliko kloraidi peke yake. Haidrazini nayo hufanya kazi hiyo, lakini inashukiwa kusababisha saratani na haifai kabisa karibu na maji ya kunywa au stimu inayogusa chakula.

Basi kwa nini inashindikana? Sababu ninazokutana nazo zaidi ni hizi.

Dawa haifiki. Chini ya chokaa, chini ya gasketi, na sehemu ya juu penye mvuke, kloraidi hujikusanya lakini dawa haiingii kwa kiasi kilekile. Mfano wake halisi ni kibadilisha joto kilichosimama wima, maji ya kupozea yakiwa upande wa nje wa mirija. Hewa inanaswa chini ya bamba la juu, mirija pale inarushiwa maji na kukauka, na nyufa zinatokea sentimita chache chini ya bamba huku sehemu nyingine yote ikiwa nzima. Unaweza kumwaga pipa zima la dawa bila kuokoa mrija hata mmoja. Fungua njia ya kutolea hewa kwenye bamba la juu, maji yajae mpaka juu. Hilo ndilo dawa.

Kiasi kinayumba. Kinachofanya kazi ni uwiano wa dawa na kloraidi. Kisima kikiongezeka chumvi kiangazi na dozi ikabaki ya masika, kinga imekwisha. Hali kadhalika boila isipotolewa maji ya chini kwa utaratibu: kloraidi hujirundika.

Dawa imebadilika. Naitraiti (si ile naitreti ya hapo juu) inayotiwa kwenye mizunguko iliyofungwa ni chakula cha bakteria. Kipimo kinashuka, pengine amonia inazaliwa, na amonia hupasua mirija ya shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki. Unatibu kifaa kimoja na kumpasulia jirani yake.

Ufa ulishaanza. Ndani ya ufa kuna maji yake yenyewe, yenye asidi na kloraidi iliyokolea. Dawa iliyoongezwa kwenye maji ya nje inachelewa kufika huko au haifiki. Kizuizi kina thamani kubwa kwa chuma kizima; usikinunue kama tiba ya chuma kilichopasuka.

Onyo juu ya naitreti. Inayomlinda mwenye stenlesi inaweza kumpasua mwenye chuma cha kawaida, ikikolea na kupata joto. Kule Flixborough, Uingereza, mwaka 1974, kinu namba 5 cha kiwanda cha kemikali kilikutwa na ufa mrefu kwenye gamba lake la nje la chuma cha kawaida. Maji ya kupozea yenye naitreti yalikuwa yakimwagiwa juu yake. Kinu kiliondolewa, bomba la muda likaunganishwa kuruka nafasi yake, na tarehe 1 Juni bomba hilo likaachia. Mlipuko uliua watu 28. Ufa wenyewe haukuwaua. Lakini ndio uliofungua mlango wa ule mkato. Kama mfumo wako una stenlesi, chuma cha kawaida na shaba pamoja, na mingi iko hivyo, usiongeze kemikali yoyote kabla ya mtaalamu wa maji kuandika orodha ya metali zote zilizomo.

Dalili: nyufa kwenye tangi la kostiki soda

Kostiki iliyokolea inapasua 304 na 316 joto likipita karibu nyuzi 100 na kitu. Kwa usafi wa kawaida wa viwanda vya maziwa na bia, kwenye kostiki hafifu ya nyuzi 70 au 80, hili si la kawaida. Tafuta mahali inapokolea: koili ya stimu inayogusa ukuta, mvujo mdogo unaokauka nje ya flanji. Punguza joto la stimu kwenye koili, ziba mvujo. Kazi ikihitaji kostiki kali na joto kali kwa pamoja, omba ushauri juu ya aloi za nikeli.

Mahali pa hatari: vyuma vinavyoning'inia juu ya bwawa la kuogelea la ndani

Ile kanuni ya nyuzi 60 haifanyi kazi hapa. Klorini ya bwawa huungana na jasho na uchafu wa waogaji, mivuke inapanda, inatua juu ya nondo, nyaya na bolti za dari ambazo hakuna anayeziosha, na kukolea humo. Joto la chumba, nyuzi 30 hivi, linatosha. Mei 1985 dari ya zege ya bwawa la Uster, Uswisi, iliyokuwa imening'inizwa kwa nondo za stenlesi, ilianguka na kuua watu 12.

Hakuna dawa ya kunyunyiza hapa, na kung'arisha si ukaguzi. Kiwango cha Ulaya cha EN 1993-1-4 kinataka vyuma vya kubeba mzigo visivyooshwa mara kwa mara katika mazingira haya viwe vya aina maalumu tu, 1.4529, 1.4547 au 1.4565. Hoteli yenye bwawa la ndani, sauna au spa, ambayo dari, spika au taa zake zinaning'inia kwa 304 au 316: funga eneo lililo chini yake na uite mhandisi wa majengo leo. Bwawa la nje, linalopigwa na mvua na upepo, halina tatizo hili kwa ukubwa huo.

Nyufa zinazofanana lakini si hizi

Ufa ukitokea fundi akiwa bado hajazima mashine, katikati ya mshono, huo ni ufa wa mshono unapoganda: vijiti vya kuchomelea si vyenyewe au moto umezidi. Ukitokea pale stenlesi ilipochomelewa kwenye chuma kilichopakwa zinki, zinki imeyeyuka (nyuzi 419 tu) na kupenya ndani ya chuma. Ondoa zinki yote kabla ya kuchomelea.

Ufa mmoja ulionyooka, usio na matawi, karibu na pampu au bomba linalotetemeka, ni uchovu wa chuma. Shika bomba kwa mkono mfumo ukifanya kazi, kama si la moto. Likitetemeka, tafuta kishikio.

Ukarabati

Kusaga ufa na kujaza mshono juu yake huongeza mkazo mpya kwenye chuma ambacho bado kina kloraidi. Ufa mpya hutokea pembeni mwa mshono mpya. Kinachofaa ni kukata kipande kizima, mpaka nje ya mwisho wa matawi yote, kupima kingo kwa rangi ya kupenya kabla ya kuweka kiraka, na kupima tena baada ya kuchomelea.

Usiruhusu stenlesi ipashwe moto nyuzi 600 "kuondoa mkazo" kama inavyofanyiwa chuma cha kawaida; hapo ndipo mipaka ya chembe inapoharibika. Kuondoa mkazo kikamilifu ni kazi ya tanuri ya nyuzi 1,040 hadi 1,100 na kupozwa haraka, na si kila chombo kinaweza kwenda humo bila kupinda. Kupiga uso kwa vipira vidogo vya chuma cha pua, ili ngozi ya chuma ibanwe badala ya kuvutwa, kunasaidia kwenye kazi mpya.

Dawa ya kung'arisha mishono mara nyingi ina asidi ya haidrofloriki. Inapenya ngozi bila kuuma mwanzoni na kushambulia kalsiamu mwilini. Kama hakuna glavu sahihi, kinga ya uso na jeli ya kalsiamu glukoneti mkononi, isifunguliwe.

Acha kazi, ita mtaalamu

Acha mara moja ikiwa chombo kina presha ya stimu, gesi au amonia na rangi imeonyesha matawi. Stenlesi yenye nyufa hizi haitoi taarifa kwa kuvimba. Inaweza kuachia ghafla. Usikaze bolti ya mvujo ikiwa na presha. Boila na vyombo vya presha, Tanzania na Kenya, vinatakiwa na sheria kukaguliwa na mkaguzi aliyeidhinishwa, na ukarabati wake lazima upite mikononi mwake kabla ya kuwashwa tena. Acha pia ikiwa inabidi mtu aingie ndani ya tangi: kipimo cha hewa, msimamizi nje na kibali cha maandishi kwanza.

Ita maabara ya metali ikiwa ufa umerudi mara ya pili mahali palepale. Wakatie kipande chenye ufa mzima na chuma kizuri pande zote. Kata mbali na ufa, kwa msumeno wa baridi, bila mafuta ya kukatia. Usikioshe, usikipige brashi, usikiguse kwa mkono mtupu, kwa kuwa jasho lako lina chumvi. Kifunge kwenye mfuko mkavu, andika upande upi ulikuwa ndani na upi ulikuwa juu, kisha ongeza sampuli ya maji, kipande cha insulesheni, na jina la kila dawa iliyowahi kuingia kwenye mfumo huo.